Kidole tumbo si shahidi wa upande wowote

Mhariri,

Nimefuatilia mabishano yaliyozuka katika ukurasa huu wa barua tangu msomaji mmoja, ambaye ni mwalimu wa baiolojia, alipoandika kwamba kidole tumbo, kifandugu na magego ya mwisho ni viungo visivyo na kazi yoyote, na kwamba huko kukosa kazi ndiko hoja kuu ya nadharia ya mageuko, yaani kwamba viumbe vimebadilika kidogo kidogo kutoka kwa mababu wa pamoja. Msomaji wa pili alimjibu, kwa ukali kidogo, kwamba sayansi imekwisha kugundua kazi za viungo hivyo vyote, kwamba kwa hiyo nadharia nzima imeanguka, na kwamba madaktari waliomwamini Charles Darwin, Mwingereza mwenye nadharia hiyo, ndio waliowakata watu viungo vyao bila sababu kwa karne nzima. Mimi nilikuwa daktari msaidizi katika hospitali za wilaya za nyanda za juu kusini kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na vidole tumbo nilivyovitoa kwa mikono hii sikuwahi kuvihesabu. Naomba nafasi niseme kwamba waandishi hao wawili, pamoja na ugomvi wao, wamekubaliana juu ya jambo moja, na jambo hilo ndilo lenye kosa. Wote wanaamini kwamba mtu akishajua kama kiungo kina kazi au hakina, amejua pia kilikotoka, na amejua la kukifanyia.

Nianze na neno lenyewe. Mwalimu anaviita viungo hivi masalia, yaani mabaki ya viungo vya mababu, na neno hilo ni zuri, ila masalia si takataka. Kanga iliyochakaa hugeuzwa winda la mtoto, kisha ikawa kishikio cha sufuria. Anayeliona tambara lile likiepua ugali jikoni hawezi kusema halina kazi, wala hawezi kudai kwamba halikuwahi kuwa kanga, maana nusu ya jina lake bado inasomeka. Darwin aliliona hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 aliandika kwamba kiungo chenye kazi mbili kinaweza kudhoofika kabisa katika ile iliyo kubwa na kubaki imara katika nyingine. Mbuni tunayemwona Serengeti ana mabawa yasiyoweza kumnyanyua, lakini akikimbia humsaidia kujisawazisha na kugeuka, dume huyatandaza anapomtaka jike, na jua likiwa kali mabawa hayo hayo huwafunika vifaranga kwa kivuli. Ni masalia ya kuruka, na ni viungo vyenye kazi, bila mgongano wowote.

Tafsiri ya kwamba masalia maana yake ni kitu cha bure ilikolea baadaye. Mwaka 1893 Mjerumani Robert Wiedersheim alitoa orodha ya viungo 86 vya binadamu alivyoona vimepoteza umuhimu wake wa awali. Tazama maneno hayo, umuhimu wa awali. Kufikia mwaka 1925, katika ile kesi maarufu ya mwalimu aliyeshitakiwa kwa kufundisha mageuko mjini Dayton, Tennessee, maelezo ya mtaalamu mmoja wa zoolojia yaliyowasilishwa kwa upande wa utetezi yalisema viungo hivyo havipungui 180. Idadi ilizidi mara mbili katika miaka 32 na hali mwili wa binadamu ulikuwa ule ule.

Simtetei Darwin katika kila jambo. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu alisema waziwazi kwamba kidole tumbo hakifai kitu, tena kwamba mara nyingine huua, na akaeleza kuwa alikuwa amesikia hivi karibuni habari za vifo viwili vilivyotokana na vitu vidogo vigumu, kama mbegu, kuingia ndani yake. Wasomaji wengi watatabasamu hapa, maana nasi tumekua tukikatazwa kumeza mbegu za mapera kwa hofu hiyo hiyo, na hadi nastaafu sikupata kumwona mgonjwa wa kidole tumbo ambaye ndugu zake hawakuwa tayari na jibu: ama mapera, ama mchanga uliokuwa kwenye wali. Ukweli ni kwamba mbegu huonekana humo kwa nadra. Kinachoziba mara nyingi ni kipande cha kinyesi kilichokauka, au kuvimba kwa tishu za kinga zilizojaa katika kuta za kidole tumbo chenyewe.

Tishu hizo za kinga ndizo zinazoonyesha kwamba neno bure halikustahili. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walipendekeza kwamba kidole tumbo ni ghala ambamo bakteria wema wa utumbo hujihifadhi, ili kuhara kukishasafisha njia yote wapate kurudi na kuujaza tena. Ni pendekezo lenye mantiki, ingawa bado linajadiliwa. Wenzao waliendelea kulinganisha wanyama wanyonyeshao wa kila aina na wakaona kwamba kidole tumbo kimejitokeza zaidi ya mara moja, katika koo zisizo na udugu wa karibu. Msomaji wa pili ameutumia utafiti huo kama rungu la kuipiga nadharia ya mageuko. Labda hakujua kwamba hesabu hiyo imefanywa juu ya mti wa ukoo wa wanyama uliochorwa kwa kuifuata nadharia hiyo. Ukiung'oa mti, hesabu nayo inaanguka. Mwalimu, kwa upande wake, amepoteza mfano mmoja aliokuwa akiupenda, na hajapoteza kitu kingine.

Kama anatafuta ushahidi wa mageuko ndani ya mwili, mimi ningemwelekeza kwenye kiungo kinachofanya kazi, tena kazi kubwa. Nilipoanza ajira, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, rovu, au goita kama wengi wanavyoita, lilikuwa jambo la kila siku katika wilaya zetu za milimani. Nilipomsaidia daktari bingwa kupasua shingo kwa mara ya kwanza, alichoniagiza kabla ya yote ni tuutafute mshipa mmoja mwembamba wa fahamu unaopita nyuma ya tezi ya shingo, tuuone kwa macho, na tusiuvute wala kuukata. Ukikatwa mmoja, mgonjwa huamka na sauti ya kukwaruza. Ikikatwa yote miwili, ya kulia na ya kushoto, huenda akashindwa hata kupumua. Mshipa huo hutoka kwenye ubongo kwenda kwenye kikoromeo, safari ambayo ingeweza kwisha kwa urefu wa kiganja. Badala yake ule wa kushoto hukipita kikoromeo, ukashuka mpaka kifuani, ukazunguka chini ya aota, ambao ndio mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha ukaanza kupanda tena shingoni kurudi kule ulikopita. Twiga naye ana mshipa huo huo, unafuata njia hiyo hiyo, na kwake mzunguko huo unazidi mita nne. Fundi umeme akipeleka waya kutoka sebuleni hadi chumba cha pili kwa kupitia nyumba ya jirani, mwenye nyumba atataka maelezo.

Maelezo yapo, na yanaanzia kwa samaki, ambaye hana shingo na moyo wake uko karibu na matamvua. Kwake mshipa wa namna hiyo hupita nyuma ya mshipa wa damu kwenda kwenye tamvua bila kuzunguka popote. Mimba ya binadamu katika wiki zake za mwanzo imepangwa vivyo hivyo. Halafu shingo inarefuka, moyo unateremka kifuani, na mshipa wa damu unauvuta ule wa fahamu pamoja nao. Ushahidi huo hauhitaji kiungo chochote kiwe bure, na unamfaa mwenye kisu mkononi. Kwa watu wachache sana mshipa wa damu wa upande wa kulia hukua kwa njia nyingine, na mshipa wa fahamu wa upande huo, kwa kukosa cha kuuvuta, huenda moja kwa moja kwenye kikoromeo. Daktari asiyejua historia hiyo atautafuta mahali ambapo haupo na kuukata mahali ulipo.

Sasa nije kwenye shitaka la msomaji wa pili, kwamba ni Darwin aliyewapotosha madaktari. Kwamba viungo vingi vilikatwa bila sababu ni kweli tupu, na taaluma yetu haina budi kulikubali hilo. Lakini mshitakiwa siye. Tonsesi zilikatwa kwa mamilioni kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 mabingwa kama William Hunter wa London na Frank Billings wa Chicago walifundisha kwamba usaha mdogo uliojificha kwenye meno na kooni husambaza sumu na kuleta maradhi ya maungo, moyo na figo. Hiyo ilikuwa nadharia ya vijidudu iliyovuka mipaka yake, wala haikuhitaji nyani.

Jinsi uamuzi wa kukata ulivyofanyika ilionekana mwaka 1934, katika uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule za New York wenye umri wa miaka 11. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa tonsesi. Wale 389 waliobaki walipelekwa kwa madaktari wa shule, nao wakachagua asilimia 45 wakatwe. Walioambiwa ni wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, wasiojua majibu ya wale wa kwanza, nao wakachagua asilimia 46. Waliosalia wakapelekwa kwa kundi la tatu, likachagua asilimia 44. Mwisho wa zoezi watoto ambao hakuna daktari aliyependekeza wakatwe walikuwa 65 tu, na nadhani hao walinusurika kwa sababu madaktari waliisha. Nilipousoma uchunguzi huu chuoni nilicheka. Niliporudi wodini nilianza kujiuliza ni maamuzi yangu mangapi yalifanana na hayo.

Kisa cha tezi ya thaimasi kinasikitisha zaidi. Tezi hii iko kifuani mbele ya moyo, na kwa mtoto mchanga ni kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi yake ilikuwa haijajulikana. Miili iliyokuwa ikipasuliwa kwa masomo ya anatomia wakati huo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu maskini, na watoto waliofia hospitalini kwa kawaida walikuwa wamedhoofu kwa njaa na maradhi ya muda mrefu, hali ambazo huisinyaza tezi hiyo. Kwa hiyo madaktari walizoea kuiona ndogo wakadhani huo ndio ukubwa wake. Alipokufa ghafla usingizini mtoto aliyekuwa mnene na mwenye afya, wakampasua, wakaikuta tezi kubwa, wakahitimisha kwamba imemziba pumzi. Watoto wazima wakaanza kupigwa mionzi kifuani ili tezi inywee. Mwaka 1950 madaktari wawili wa New York waliripoti kwamba miongoni mwa watoto waliokuwa na saratani ya tezi ya shingo walikuwamo waliopigwa mionzi hiyo wakiwa wachanga. Kazi yenyewe ya thaimasi ilionyeshwa mwaka 1961, pale Jacques Miller, akiwa London, alipoitoa kwa panya wachanga na kuwaona wakikosa kinga ya mwili.

Bandama nayo ilitolewa kwa wepesi mpaka mwaka 1952, ambapo madaktari wa Indiana walieleza habari za watoto wachanga watano waliopatwa na maambukizi makali baada ya kuondolewa kiungo hicho. Sisi tunaoishi kwenye malaria tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Niliwahi kuitoa bandama ya kijana aliyeanguka kutoka juu ya mti, kwa kuwa damu ilikuwa haizuiliki na hapakuwa na njia nyingine, na maneno niliyomwambia mama yake siku ya kuruhusiwa niliyarudia mara tatu: homa yoyote ya mtoto huyu, hata iwe ndogo, hata iwe usiku, mlete.

Ila kwa nini tuende mpaka New York? Katika vijiji vyetu, na mijini pia, mtoto akikohoa kwa wiki mbili au akikataa kula hupelekwa kwa mtu mwenye kijiti na kisu akakatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Hakuna mkata vimeo niliyewahi kukutana naye aliyesoma habari za Darwin. Wala wazazi hawasemi kwamba kimeo ni masalia ya nyani. Kwa hakika wangekosea, kwa kuwa kimeo cha binadamu ni kikubwa na kina tezi nyingi za kulainisha koo kuliko cha wanyama wengi waliochunguzwa. Wanasema tu kwamba kimerefuka, kinamkereketa mtoto, na isitoshe kazi yake nini? Nilipokea watoto wa namna hiyo wakiwa wamelowa damu, wengine wakiwa na maambukizi, na mmoja akiwa na pepopunda. Kikohozi kilichowapeleka huko kwa kawaida kilikuwa nimonia, mara nyingine kifua kikuu, na siku walizozipoteza wakimngojea fundi zilikuwa siku za matibabu.

Meno ya plastiki ni ndugu wa kisa hicho. Mtoto mchanga anaharisha na kupata homa, fizi pale chonge litakapoota zinaonekana zimetuna na kupauka, basi anatokea mtu anayesema hilo ni jino bandia, linaua, na analichimbua. Kilichotolewa ni chipukizi la jino halali la mtoto, na mara nyingine pamoja nalo huharibika lile la kudumu lililo chini yake. Nimeona jambo hilo likifanywa na watu wenye makoti meupe, na wala sitaji mahali.

Ukiyaweka pamoja tonsesi za New York, thaimasi na kimeo, utaona kwamba hoja ni ile ile: sijui kazi yake, kwa hiyo hakina kazi; na kwa kuwa hakina kazi, na mtu anaumwa, basi chenyewe ndicho mchawi. Mwalimu anatumia nusu ya kwanza ya hoja hiyo kufundishia. Msomaji wa pili anaigeuza tu, kwamba nimejua kazi yake, kwa hiyo kiliumbwa kwa ajili hiyo na daktari asikiguse. Kidole tumbo kilichojaa usaha hakijali yote mawili. Kikipasuka usaha unasambaa tumboni na mgonjwa anaweza kufa, awe mpenzi wa Darwin au mpinzani wake.

Kinachobaki ni kupima faida na hatari kwa mgonjwa aliye mbele yako, na kipimo hicho hubadilika. Huko Finland mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 530 ambao picha ya CT, yaani eksirei inayounganishwa na kompyuta, ilikuwa imethibitisha kwamba kidole tumbo kimevimba bila matatizo mengine. Karibu nusu walipewa viuavijasumu peke yake, na katika hao kiasi cha asilimia 73 walimaliza mwaka bila kupasuliwa. Baada ya miaka mitano asilimia 39 walikuwa wamerudiwa. Hayo ni matokeo ya kuheshimiwa, na anayeyasikia huenda akauliza kwa nini sisi tulikimbilia kisu. Tulikimbilia kisu kwa sababu hatukuwa na CT, mgonjwa alifika siku ya nne akiwa amebebwa kwa machela, na kumrudisha nyumbani na vidonge, umbali wa saa sita kwa basi wakati wa masika, kungekuwa kumwachia kifo.

Upande wa pili kuna Australia, ambayo huwataka madaktari wanaokwenda kukaa majira ya baridi katika vituo vyake vya Antaktika wawe wametolewa kidole tumbo kabla ya kusafiri, hata kama ni kizima. Sababu inaeleweka kwa anayekumbuka kwamba mwaka 1961 daktari Mrusi Leonid Rogozov, akiwa ndiye daktari pekee katika kituo chake huko, alilazimika kujipasua mwenyewe. Hakuna aliyedai kwamba kidole tumbo cha daktari wa Australia hakina kazi. Wamepima umbali na barafu, basi.

Kwa hiyo namwomba mwalimu asiache kufundisha mageuko, bali aache kuwaambia wanafunzi kwamba miilini mwao mna vitu vya bure. Kama anataka masalia ya kuwaonyesha bila kuchana mtu, awaambie wagusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha waukunje kidogo mkono pale kiganja kinapoungana nao. Wengi wataona ukano mmoja ukiinuka katikati, na katika darasa kubwa huenda wakapatikana wachache ambao hawana kabisa, kwenye mkono mmoja au yote miwili, na kalamu wanaishika sawasawa na wenzao. Ni wa msuli unaodhoofika katika ukoo wetu. Madaktari wa upasuaji wa mikono huuchukua ukano huo kuungia ukano mwingine uliokatika, na wanauchukua kwa sababu wamekwisha kupima wagonjwa baada ya kuutoa na kuona kwamba nguvu ya kushika haikupungua. Kabla ya kuukata humwambia mgonjwa aukunje mkono kwanza, wahakikishe kwamba anao.

Daktari msaidizi mstaafu,
Njombe